SOMO LA UFUNDI: KUTAFUTA UGONJWA WA BREKI ZA MAFUTA KATIKA LORI LA ZAMANI LA JESHI

Vijana wanaojifunza ufundi wa magari hapa kambini wameomba somo kuhusu breki. Ombi hilo ni zuri. Injini ikikataa, gari husimama na watu huendelea kwa miguu. Breki zikikataa, huenda watu wasifike. Wengi wetu tumewahi kupanda nyuma ya lori, juu ya magunia au pamoja na watoto, bila kujua breki zake zikoje. Kwa hiyo somo hili ni la mafundi, lakini mwishoni kuna sehemu ya kila mtu.

KWA NINI TUNACHUKUA LORI LA ZAMANI

Tutatumia mfano wa lori la jeshi la Marekani liitwalo GMC CCKW. Lilitengenezwa kuanzia mwaka 1941 hadi 1945, na yalitoka zaidi ya 500,000. Kipimo chake kilikuwa kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara, na magurudumu yake yote huendeshwa na injini. Malori ya namna hii yalibeba mizigo ya majeshi huko Ufaransa katika msafara ulioitwa Red Ball Express, kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944. Siku zenye kazi nyingi, karibu magari 6,000 yalibeba zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja. Madereva wengi wa msafara huo walikuwa Wamarekani weusi.

Baada ya vita malori hayo yaligawiwa na kuuzwa katika nchi nyingi. Leo wako watu wa Ulaya na Marekani wanaoyafufua na kuyaendesha tena, kwa mfano katika kumbukumbu zinazofanyika Normandy kila mwezi Juni.

Tumelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, breki zake ni rahisi kueleweka. Pili, lori lililolala miaka mingi huwa na karibu kila ugonjwa wa breki: kutu, mipira iliyokauka, hewa na mafuta machafu. Tatu, lina mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote hukosa breki. Huko Marekani magari madogo yalilazimishwa kuwa na mifumo miwili kuanzia mwaka 1968, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Fundi akiweza kulitunza lori lisilo na akiba, mengine hayatamshinda.

BREKI ZA MAFUTA ZINAFANYAJE KAZI

Dereva anakanyaga pedeli. Pedeli inasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Mafuta ya breki yanapita katika mabomba mpaka kwenye silinda ndogo za magurudumu. Hapo pistoni ndogo zinatanua shuu za breki, na lainingi inagusa dramu. Lori hili lina tairi 10 chini, kwa kuwa nyuma zimefungwa mbili mbili, lakini dramu ni 6.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, si vipimo vya lori lenyewe.

Mguu unasukuma kwa nguvu ya kilo 20. Pedeli ni wenzo unaozidisha mara 5, kwa hiyo pistoni ya masta inasukumwa kwa kilo 100. Pistoni hiyo ina eneo la sentimita 5 za mraba. Basi shinikizo la mafuta ni kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya gurudumu ina sentimita 10 za mraba, kwa hiyo inasukuma shuu kwa kilo 200. Mguu ulitoa kilo 20, na kila shuu imepata 200.

Lakini hakuna cha bure. Tuseme kuna pistoni 12, mbili kwa kila gurudumu. Masta ikisogea sentimita 3, inatoa mafuta ya sentimita za ujazo 15. Yakigawanywa kwa pistoni zote, kila moja inasogea milimita 1 na robo tu. Sasa mnaona kwa nini lainingi iliyolika huleta pedeli inayozama. Shuu ikiwa mbali na dramu kwa milimita 3, mafuta ya mkanyago mmoja hayatoshi kuifikisha.

Jambo la pili: mafuta hayabanwi, hewa hubanwa. Hewa kidogo ikiingia bombani, mguu unaibana hiyo hewa badala ya kusukuma shuu.

Lori hili lina pia kisaidizi kiitwacho Hydrovac. Kinatumia mvuto wa injini kuongeza nguvu ya mguu. Injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha pedeli huwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, lakini zinahitaji nguvu nyingi sana. Kwa hiyo kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli ni kucheza na roho za watu.

KABLA YA KUGUSA LORI

1. Egesha mahali tambarare. Weka mawe makubwa au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ambayo hayatainuliwa. Hendibreki ya lori hili haikamati magurudumu yenyewe, inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi. Usiitegemee peke yake.

2. Usiingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki tu. Weka magogo imara au stendi. Watoto wakae mbali.

3. Usipulize vumbi la ndani ya dramu, kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lainingi za miaka hiyo zilikuwa na asibesto, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kifungie kwenye mfuko na ukitupe.

4. Mafuta ya breki yana sumu. Usiyaweke katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Nyumbani kuna watoto.

ULIZA PEDELI KWANZA

Fundi mmoja mzee wa mtaa wetu huwaambia vijana: kabla ya kushika spana, kaa kwenye kiti cha dereva. Pedeli itakueleza ugonjwa uko wapi. Hapa tunaeleza dalili saba.

Dalili ya 1: Pedeli inazama mpaka chini, hata ukipampu haipandi.
Angalia kopo la mafuta la masta silinda. Kama ni tupu, mafuta yamekwenda mahali. Fuata mabomba yote kwa macho na vidole, hasa yanapopita juu ya ekseli na yanapogusa fremu, kwani hapo hulika. Tazama mipira ya breki ya magurudumu ya mbele, maana inapinda kila usukani unapokatwa. Tazama upande wa ndani wa kila tairi kama pamelowa. Kama kopo limejaa na hakuna panapovuja, vikombe vya mpira ndani ya masta vimekufa.

Dalili ya 2: Pedeli iko chini, lakini ukipampu mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu.
Shuu ziko mbali na dramu. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, kaza ajasta mpaka shuu iguse, kisha irudishe kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Fanya hivyo magurudumu yote. Kama lainingi imelika karibu na vichwa vya ribiti, usiikaze tena. Ibadilishe, la sivyo ribiti zitachana dramu.

Dalili ya 3: Pedeli ni laini, inadunda kama sponji.
Kuna hewa. Itoe kama tunavyoeleza chini. Lakini jiulize pia hewa iliingia wapi. Hewa ikirudi baada ya siku chache, kuna mahali panapovuja.

Dalili ya 4: Ukikanyaga na kushikilia, pedeli inashuka polepole.
Mafuta yanatoroka. Kama huoni unyevu nje, yanapita pembeni mwa kikombe cha mpira ndani ya masta na kurudi kwenye kopo. Fungua masta, tazama ukuta wa silinda. Ukiwa na kutu au mikwaruzo inayoshika ukucha, vikombe vipya havitadumu. Silinda ichongwe na fundi wa mashine au ibadilishwe.

Dalili ya 5: Pedeli ni ngumu, lakini lori halisimami.
Jaribu kisaidizi. Zima injini. Kanyaga mara kadhaa mpaka mvuto wote uishe. Sasa shikilia pedeli na uwashe injini. Ikiwa kisaidizi ni kizima, pedeli itashuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia mpira wa mvuto unaotoka kwenye manifoldi. Mara nyingi umepasuka au umelegea. Kama kisaidizi ni kizima, fungua dramu. Huenda lainingi zina mafuta au grisi kutoka kwenye sili ya ekseli, au zimeungua na kung'aa kama kioo.
Kuna ugonjwa mwingine unaojificha. Mafuta ya breki yanapungua kila siku, lakini hakuna tone nje. Tazama bomba la moshi. Moshi mweupe ukitoka, huenda sili ndani ya Hydrovac imekufa na injini inayavuta mafuta ya breki na kuyachoma.

Dalili ya 6: Lori linavuta upande mmoja unapokanyaga.
Lori huvuta kuelekea upande wenye breki nzuri. Kwa hiyo tafuta ugonjwa upande wa pili: pistoni iliyokwama kwa kutu, lainingi yenye mafuta, mpira wa breki ulioziba ndani, au ajasta isiyo sawa. Anza na upepo wa tairi, maana kulipima hakugharimu kitu.

Dalili ya 7: Breki haziachii, dramu zinachemka.
Usiguse dramu. Sogeza mgongo wa mkono karibu nayo na utasikia joto. Lori likiwa limewekewa mawe, anza juu. Angalia kama pedeli ina mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma pistoni. Isipokuwa na mchezo, pistoni hairudi mwisho, na kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kopo hubaki kimezibwa. Uchafu pia huziba kitundu hicho.
Kama mchezo upo, legeza bomba pale linapotoka kwenye masta. Magurudumu yakiachia, ugonjwa uko kwenye masta. Yasipoachia, jaribu kiungo kilicho baada ya Hydrovac. Yakiachia hapo, ugonjwa uko kwenye Hydrovac. Kama bado, legeza skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu lililokamata. Likiachia hapo tu, mpira wa breki wa upande huo umevimba ndani, unaruhusu mafuta kwenda lakini hauyaruhusu kurudi. Lisipoachia kabisa, mafuta hayana kosa. Ni springi iliyokatika, pistoni yenye kutu, au ajasta iliyokazwa mno.

KUTOA HEWA

Kazi hii ni ya watu wawili: fundi chini, utingo kwenye pedeli. Mnahitaji spana inayokaa vizuri, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa safi na mafuta mapya.

1. Injini izimwe. Kanyaga mara kadhaa kumaliza mvuto.
2. Pangusa kopo la masta kabla ya kulifungua. Mchanga mmoja unatosha kuharibu kikombe cha mpira.
3. Anza na skrubu za Hydrovac, kisha gurudumu lililo mbali zaidi na masta, na umalizie na lililo karibu.
4. Vika mpira kwenye skrubu, tumbukiza mwisho wake katika mafuta yaliyo ndani ya chupa.
5. Utingo akanyage na kusema, "Nimeshika." Fundi alegeze skrubu. Pedeli itazama. Utingo asiachie mpaka fundi aseme, "Nimefunga." Akiachia mapema, hewa itavutwa kurudi ndani na kazi itaanza upya.
6. Rudia mpaka mapovu yaishe. Kila baada ya mikanyago mitano jaza kopo. Likikauka, mmeingiza hewa mpya.
7. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye kopo.

Mwishoni kanyaga kwa nguvu na kushikilia, huku mwenzako akitazama viungo vyote. Kisha jaribu lori tupu, polepole, mahali tambarare pasipo na watu. Hapo ndipo lipakie mzigo.

MAFUTA GANI YATUMIKE

Mafuta ya kawaida ya breki yameandikwa DOT 3 au DOT 4. Hayo hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mteremkoni dramu hupata moto mkali, mafuta yenye maji huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Pedeli iliyokuwa nzuri juu ya mlima inazama katikati ya mteremko. Kwa hiyo usitumie kopo lililokaa wazi miezi mingi.

Yako pia mafuta ya silikoni yaitwayo DOT 5. Hayanyonyi maji, na wenye malori yanayoegeshwa muda mrefu huyapenda. Lakini usiyachanganye na DOT 3 wala DOT 4. Anayetaka kubadilisha aoshe mfumo wote na aweke mipira mipya.

MAKOSA MATATU YANAYOUA

La kwanza ni kujaza oili ya injini, mafuta ya kupikia au maji ya sabuni wakati mafuta ya breki yamekosekana. Oili huvimbisha vikombe vya mpira. Siku ya kwanza breki huonekana nzuri, baada ya siku chache hukamata au hukata. Ikiwa imeshamiminwa, hakuna dawa isipokuwa kufungua mfumo wote, kuosha na kubadilisha mipira. Usioshe mipira kwa petroli wala mafuta ya taa. Tumia spiriti au mafuta ya breki yenyewe.

La pili ni kukunja na kuponda bomba la gurudumu linalovuja ili safari iendelee. Tunajua kwa nini hufanywa: mzigo uko barabarani, usiku unaingia, spea hakuna. Lakini lori hilo sasa litavuta upande mmoja kila likikanyagwa, na kwenye utelezi litageuka. Kama hakuna njia nyingine ya kulitoa porini, watu wote washuke, lori liende mwendo wa mtu anayetembea, na lisimame gereji ya kwanza.

La tatu ni kushuka mlima kwa breki peke yake. Wazee wa barabara husema: shuka kwa gia uliyopandia. Injini ishike lori, breki zisaidie. Pedeli ikizama mteremkoni, pampu haraka, ingiza gia ndogo, vuta hendibreki kidogo kidogo, piga honi, na utafute ukingo wa udongo au kilima. Usikate injini.

KWA WASIO MAFUNDI

Mama, baba, kijana unayesubiri kupanda lori, nawe una macho. Zunguka lori mara moja. Tazama upande wa ndani wa tairi kama kuna mchirizi wa mafuta. Sikiliza kama dereva anapampu pedeli mara nyingi kabla ya kusimama. Nusa kama kuna harufu ya kitu kinachoungua lori linapofika. Ukiona dalili, mwambie dereva kwa heshima: "Samahani ndugu dereva, gurudumu la nyuma kushoto limelowa." Dereva mwema atashukuru. Akikataa kutazama, usipandishe watoto, na umweleze msimamizi wa safari palepale. Kuchelewa siku moja kunauma, hasa kama umengojea zamu yako kwa muda mrefu. Hata hivyo zamu itarudi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pedeli inapanda baada ya kupampu. Utaanza na nini?
2. Lori linavuta kulia. Utafungua gurudumu la upande gani kwanza?
3. Mafuta yanapungua, nje pakavu, moshi mweupe. Ugonjwa uko wapi?
4. Kwa nini utingo asiachie pedeli kabla skrubu haijafungwa?

Majibu: 1. Kurekebisha shuu na kupima lainingi. 2. Kushoto, baada ya kupima upepo. 3. Ndani ya Hydrovac. 4. Kwa sababu pedeli inaporudi huvuta hewa ndani.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Wenye maswali wawaone wahamasishaji wa mtaa wao, na mafundi wenye uzoefu tunawaomba wakae na vijana siku za kazi ili wafundishe kwa mikono. Kazi njema, na safari njema.